Eti Ukae Mbali na Wabongo

Kila anayeondoka kwenda kuishi Uingereza hupewa wosia, na mara nyingi anayeutoa ni mtu aliyewahi kukaa huko. Hauhusu baridi wala chakula. Kwa Mtanzania unasema: "Ukifika, kaa mbali na Wabongo," yaani Watanzania wenzako. Mkenya huambiwa akae mbali na Wakenya, Mganda akae mbali na Waganda, Mkongomani akae mbali na Wakongomani. Nimeusikia kwa profesa, kwa mchungaji, kwa mama ntilie ambaye mwanawe yuko Reading, na kwa kijana aliyerudi likizo ya Krismasi amevaa koti zito Kariakoo mchana wa jua kali. Umekuwa ukweli usiobishiwa. Basi tuubishie.

Wosia huu una sababu zake, na ni haki tuzitaje kabla ya kuzivunja. Ya kwanza ni kujifunza: anayeshinda na watu wa kwao Kiingereza chake hakinyooki, wenyeji hawajui, na miaka kumi inapita yuko London kwa mwili tu. Ya pili ni majungu: ukipata wanakuonea kijicho, ukikwama habari inafika Sinza, Dar es Salaam, kabla wewe hujafika nyumbani kutoka kazini. Ya tatu ni pesa: mchango wa msiba, mchango wa harusi, na ule mkopo wa "nitakurudishia Ijumaa" ambao Ijumaa yake haifiki. Siku hizi wahamasishaji wa mitandaoni wameongeza ya nne. Wanasema ugenini ni mahali pa kujitafuta, na hakuna anayejipata katikati ya kelele za wenzake. Ujitenge, utafakari, ukimbie alfajiri, usafiri peke yako, urudi mtu mpya.

Nasema ushauri huu ni mbovu. Unachanganya kukua na kuwa peke yako. Ninavyoona mimi, mtu hukua ugenini pale panapokuwa na watu wenye haki ya kumdai: wanaomtarajia msibani, wanaongoja alete sufuria kubwa siku ya shughuli, wanaomuuliza mbona Jumapili hukuonekana. Kwa mgeni yeyote, watu wa kwanza wenye haki hiyo ni wa kwao. Akipita kwao anaweza kwenda popote. Asipopita, mara nyingi haendi popote. Anabaki chumbani na simu yake. Na hao wanaotushauri tuwakimbie wenzetu, ukiwauliza nani aliwapokea Heathrow, wakalala kwa nani wiki ya kwanza, na kazi ya kwanza waliitajiwa na nani, utasikia jina la Mbongo.

Anayebisha namwalika Queensbury. Ni kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa London, kwenye reli ya Jubilee. Ukitoka mjini, baada yake kuna Canons Park, kisha Stanmore, reli inaishia hapo. Hakuna mtalii anayekwenda. Kituo kilifunguliwa Desemba 1934, mashamba ya eneo lile yalipokuwa yakigeuzwa nyumba, na hata jina lilitungwa wakati huohuo ili lishabihiane na Kingsbury, kituo jirani. Nyumba nyingi ni za miaka hiyo ya 1930, mbili mbili zilizoshikana ukuta, vibustani vya mbele vimesakafiwa ili gari ipate pa kulala. Mbele ya kituo pana kiduara cha barabara chenye nembo kubwa ya reli ya London, na jirani yake safu ya maduka. Ukiitazama harakaharaka utasema hapa hapana kitu.

Lakini watu walioijaza Queensbury na majirani zake, Kenton, Kingsbury, Harrow na Wembley, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi wametoka kwetu. Ni Wahindi wa Nairobi, Kisumu, Mombasa, Kampala, Jinja, Dar es Salaam na Zanzibar. Wapo waliokuja kwa hiari yao. Wapo waliokimbilia mlango ulipokuwa unafungwa, maana Februari 1968 bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza. Na wapo waliofukuzwa. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda waondoke, akawapa siku 90. Kama watu 28,000 waliishia Uingereza, ndege ya kwanza ikitua Stansted tarehe 18 Septemba, nyumba na maduka yao wakiwa wameyaacha kama yalivyo.

Hapo ndipo wosia wetu ulipogeuka kuwa sera ya serikali. Uingereza iliunda bodi ya kuwapa makazi, Uganda Resettlement Board, na bodi ikaigawa nchi kwa rangi mbili. Maeneo mekundu ni yale yaliyohesabiwa kuwa na Wahindi wengi tayari, wageni wasiende. Maeneo ya kijani ni yale wasikokuwa na watu wao. Huko ndiko walikoshauriwa waende, watawanyike, wachanganyike na wenyeji. Baraza la mji wa Leicester likafika mbali zaidi: lilinunua nafasi ya tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. Maneno yalikuwa ya kiofisi, lakini wazo ni lile la mshauri wetu: ukitaka ustawi, kaa mbali na wa kwenu.

Wengi walisikiliza kwa heshima, wakashukuru kwa blanketi na chai ya kambini, kisha wakaenda kulekule kwekundu. Walikwenda kwa binamu, kwa aliyekuwa jirani Jinja, kwa mtu wa kijiji kimoja na babu yao. Walilala watu wanane kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Mmoja akamfikisha mwingine kiwandani, mwingine akamkopesha mwenzake pesa za kuanzia duka la magazeti. Leo Leicester haioni haya tena kuwataja; inajivunia. Na hapa kaskazini-magharibi mwa London, watu wale walioonywa wasirundikane wamejenga mahekalu, likiwemo lile la mawe meupe la Neasden lililofunguliwa 1995. Makhoja, Waislamu wa Kihindi ambao wengi wao wana asili ya Zanzibar, Dar na Mombasa, wana msikiti wao Stanmore. Pale Queensbury kwenyewe, hatua chache kutoka kituoni, mkahawa wa Regency Club unachoma nyama na kukaanga mihogo kwa namna ambayo mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Kama kukaa na wa kwenu kunadumaza, mahali hapa pangekuwa pamedumaa. Hapakudumaa.

Nieleze kitu kimoja nilichokiona kwa karibu. Katika duka moja la mboga karibu na kituo kuna kreti ya mihogo iliyopakwa nta, kando yake ndizi mbichi za matoke na maembe ya Pakistani ndani ya maboksi. Bibi mmoja wa Kihindi, sari chini, koti la baridi juu, alikuwa anavunja ncha ya kila muhogo na kuutazama weupe wake, kama una michirizi myeusi. Aliponisikia nazungumza kwenye simu, akanigeukia: "Hii ya leo iko na nyuzi. Chukua ya barafu." Nikamwamkia shikamoo, hakuijibu, hiyo si ya kwao, akasema, "Jambo, jambo. Wewe mtu wa wapi?" Tanzania, mama. "Mimi Kisumu. Toka sitini na nane." Kisha, bila kupumzika: "Umeandikisha daktari? Mtoto yako iko shule gani? Nyumba nani nalipa gas?" Nilipomwambia daktari bado, alinishika mkono wa koti hadi mlangoni akanionyesha kwa kidole barabara ya kwenda kliniki, akataja na siku ambayo simu yao haipokelewi. "Jumapili kuja hekalu. Chakula iko." Mtu wa dini nyingine na rangi nyingine, tuliyegawana naye Ziwa Victoria tu, alikuwa ameniwekea deni ndani ya dakika tano: niandikishe daktari, nile, niwe nimefika. Hakuna kitabu cha kujiboresha kilichowahi kunishughulikia hivyo.

Najua msomaji wa Kampala au Mwanza ameshakunja uso. Wahindi haohao ndio tunaoambiwa tuwaige? Si ndio waliojifungia kwetu, wakaoana wao kwa wao, wakatuonyesha mlango wa nyuma? Pingamizi hili ni la haki na halipaswi kukwepwa. Lakini tutazame ubaya ulikuwa wapi. Mkoloni aliwapanga watu kwa ngazi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na jamii iliyopewa ngazi ya kati ikafunga mlango wake ili isishuke. Kilichouma hakikuwa kukusanyika; kilichouma ni kukusanyika juu ya migongo ya wengine. London iliwanyang'anya ngazi ile. Waliwasili wakiwa chini kabisa, na kundi lilelile, likiwa chini, likawa kitu kingine. Kwa hiyo hoja yangu ina mpaka, nao uko hapa: kundi la ugenini linakuza watu likiwa kizingiti cha kutokea. Likiwa boma, ninalipinga pamoja na ninyi.

Sasa turudi kwenye sababu ya kwanza, ya kujifunza. Panda treni Queensbury kuelekea mjini. Kituo cha nne ni Dollis Hill. Maeneo hayo ndiko kulikokuwa na kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, na mishahara ilikuwa midogo. Tarehe 20 Agosti 1976, katika joto la kiangazi, Jayaben Desai, mama mfupi wa kimo aliyekuwa ameishi Tanganyika kabla ya kuja Uingereza, alitoka nje ya kiwanda, na siku zilizofuata wenzake wakamfuata. Mgomo ulidumu karibu miaka miwili. Tufikirie alikuwa nani kwa macho ya mshauri wetu: mwanamke wa sari, anayekaa na wa kwao, anayekula na wa kwao, Kiingereza chake cha kuunga. Kwa wosia wetu huyu ndiye asiyekua. Lakini waliofika kusimama naye mlangoni ni wachimba makaa ya mawe kutoka Yorkshire na Wales, na watu wa posta wa Cricklewood waliokataa kushika barua za kiwanda. Julai 1977 barabara zile nyembamba za makazi zilijaa maelfu ya Waingereza waliokuja kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakiitwa wageni.

Walishindwa. Julai 1978 mgomo ulikwisha bila wao kurudishwa kazini. Hilo halipunguzi ninachosema. Desai hakupata ujasiri ule kwa kujitenga na kutafakari. Naamini aliweza kutoka mlangoni kwa sababu alijua hatabaki peke yake, na alijua hivyo kwa sababu aliishi na kufanya kazi katikati ya wa kwao. Uingereza aliijua kuliko wasomi wengi wa kwetu wanaojisifu hawana rafiki Mbongo: alijua vyama vyake vya wafanyakazi, polisi wake, mahakama zake na baridi yake ya saa kumi na mbili alfajiri. Aliijua akiwa ndani ya kundi.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na lugha yetu. Katika wilaya ya Barnet, inayopakana na Queensbury, wanaishi Wabarawa, watu wa mji wa Barawa kusini mwa Somalia, ambao Chimiini chao ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Vita vya miaka ya 1990 viliwaleta huku, wakafungua kituo chao kule Muswell Hill. Juni 2013, wiki mbili baada ya mwanajeshi Lee Rigby kuuawa Woolwich na watu waliodai kutetea Uislamu, kituo kile kilichomwa moto. Ramadhani ilipoingia hawakuwa na pa kuswalia. Miongoni mwa waliowafungulia mlango ni sinagogi la Finchley Reform. Wayahudi wakawapa ukumbi Waislamu wa Barawa waswali Tarawehe. Nauliza: sinagogi lingemfungulia mlango nani, kama kila Mbarawa angekuwa amefuata wosia na kuishi kivyake? Mtu mmoja mmoja aliyetawanyika hana ukumbi, hana mwenyekiti wa kupigiwa simu, hana hata jina la kuandikiwa barua ya pole. Kundi ndilo lililowapa wenyeji mahali pa kugusa.

Sababu ya pili ni majungu, na hapa sitajifanya sioni. Majungu yapo. Kuna dada aliyeachika ambaye hakuweza kuingia kanisani miezi kadhaa kwa macho ya watu. Kuna kijana anayesikia sauti kichwani na familia inaficha, watu wasije wakasema ukoo una wazimu. Kuna mabinti wanaobebeshwa kupika kila shughuli huku kaka zao wakicheza karata sebuleni. Jamii ya Wabongo inaweza kumminya mtu, sawa na jamii ya Wahindi, sawa na kijiji chochote duniani. Anayetoka katika kundi kwa sababu linamuumiza, atoke, na asisimangwe.

Lakini wosia wetu hausemi "ondoka wakikuumiza." Unasema usiingie kabisa. Gharama yake inajulikana. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa kusini mwa London kuhusu ugonjwa wa skizofrenia. Kati ya watu wasio weupe, kiwango cha ugonjwa kilikuwa kikubwa zaidi mahali walipokuwa wachache, na kilipungua pale walipokuwa wengi mtaani. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kila kitu, lakini unatosha kumnyamazisha anayedai kwamba afya ya akili ya mgeni inaletwa na umbali kutoka kwa wa kwao. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya laki tatu, wakakuta wenye mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kubaki hai kubwa zaidi kwa kama asilimia 50 kuliko wapweke. Na wenyeji wenyewe, hao tunaoambiwa tuwaige kwa kujitegemea kwao, Januari 2018 serikali yao ilimteua waziri wa kushughulikia upweke, kufuatia kazi ya tume iliyobeba jina la mbunge Jo Cox. Nchi imeona upweke ni tatizo la kuteuliwa waziri, na sisi tunafungasha upweke kwenye sanduku tukiuita maendeleo binafsi.

Mtu anayesemwa ana mtu anayemwona. Jirani wa Queensbury anayejua umeachika ndiye huyohuyo anayejua taa yako haijawaka siku mbili. Huwezi kumwomba akuone siku ya taa tu.

Sababu ya tatu ni pesa. Tuifanyie hesabu. Anayefika London bila historia ya kukopa kwa kawaida hapewi mkopo na benki. Mwenye nyumba anataka amana, ambayo sheria ya 2019 imeiwekea kikomo cha kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na juu yake kodi ya mwezi wa kwanza, na pengine mdhamini mwenye kazi Uingereza. Mgeni atapata wapi vyote hivyo? Upatu. Watu kumi, kila mmoja pauni 100 kwa mwezi, mmoja anachukua 1,000 kila zamu. Hauna riba, hauna fomu, na dhamana yake ni uso wako tu. Wanawake wa Kitanzania, Kikenya na Kisomali wamehamia nyumba kwa upatu, wamelipia ada, wameleta watoto. Na mdhamini? Ni yule Mbongo uliyeambiwa umkimbie. Huo mchango wa msiba tunaoulalamikia ndio unaomrudisha marehemu Moshi au Kisii, safari inayomeza maelfu ya pauni ambayo familia moja haiwezi kuyabeba. Ndiyo, wapo wanaokopa wasilipe. Benki pia zina wadaiwa sugu, na hakuna anayetushauri tukae mbali na benki.

Tangu 2022, Uingereza ilipofungua viza ya kazi kwa watunza wazee, watu wengi wa kwetu wameingia kwa njia hiyo, hadi Julai 2025 mlango huo ulipofungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Viza yenyewe imefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akipoteza leseni ya kudhamini wageni, mfanyakazi hupewa kwa kawaida siku 60 atafute mwingine au aondoke nchini. Mchukue mtu huyo, analala chumba kimoja juu ya duka, zamu za usiku, barua ya wizara mkononi, siku zinahesabika. Mwambie sasa akimbie alfajiri na aandike shajara. Anachohitaji ni dada wa Tabora aliyepitia hayohayo mwaka jana, anayejua wakili gani ni mkweli na nyumba gani ya wazee inaajiri. Kumkataza mtu huyo asiwajue Wabongo ni kumkata mkono.

Imebaki ile ya kisasa, ya kujitafuta. Wanaoihubiri wanapenda msemo wetu wa tembea uone. Sina ugomvi na kutembea. Ila Mswahili aliyesafiri zamani hakusafiri hivyo. Baharia wa Lamu aliyeshuka Maskati au Bombay alijua amshukie nani, na msafara wa bara ulikuwa na mwenyeji wake kila kituo. Habari za dunia walizileta wao, tena nyingi. Na hawa Wazungu tunaowaiga wanaposafiri kuja kwetu, wanajitafuta peke yao? Muthaiga Club ilifunguliwa Nairobi mwisho wa 1913 ili walowezi wakae na walowezi, na hadi leo nenda klabu ya mashua Msasani, Dar es Salaam, jioni ya Ijumaa uone nani amekaa na nani. Hakuna anayewaambia wakae mbali na Waingereza wenzao ili wakue. Mshikamano wao unaitwa mtandao wa kazi, wetu unaitwa kurudishana nyuma.

Mpinzani mjanja zaidi atanitajia Abdulrazak Gurnah. Kijana wa Zanzibar, aliyefika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, akaishi miaka ya baridi na upweke, akaandika, na 2021 akapewa tuzo ya Nobel. Si upweke uliomkuza? Jibu limo katika vitabu vyake mwenyewe. Katika Admiring Silence cha 1996, msimulizi ni Mzanzibari aliyejikata na kwao: anawatungia hadithi za uongo wakwe zake Waingereza, na nyumbani hajawaambia kwamba ana mwanamke na mtoto. Ukimya ule haumkuzi, unamla. Gurnah alisafiri mbali kwa kalamu, lakini kalamu hiyo imekuwa ikirudi Zanzibar na pwani yetu kitabu baada ya kitabu. Anayemtumia kama ushahidi wa kuwakimbia wa kwenu hajamsoma.

Basi nini kifanyike? Wazee walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huusoma msemo huu kama ukali kwa mgeni, nami nauona kuwa ndiyo sera bora ya ustawi ugenini. Mgeni akibaki mgeni anaoza. Mpe kazi ya kuwafanyia wengine: afundishe watoto Kiswahili Jumamosi, amsindikize mama mzee hospitali akamtafsirie, ashike daftari la michango, aite jirani Mromania wa mlango wa pili aje aonje pilau. Atajikuta amejifunza Kiingereza kwa kugombana na ofisi ya halmashauri kwa niaba ya mtu mwingine, na huko ndiko lugha inakonyooka.

Na wenye vyama nao wasikilize, maana wosia mbaya umepata nguvu kwa uzembe wetu. Chama kisichosoma hesabu zake mbele ya wanachama kinawafukuza watu. Chama ambacho wanawake wanapika na wanaume wanahutubia kinawafukuza watu. Mkutano wa saa nane unaoanza saa kumi na moja, wakati mwenzetu ana zamu ya usiku, unawafukuza watu. Hayo yanatengenezeka kwa kalamu, daftari na saa ya ukutani. Wahindi wa Queensbury hawakuwa malaika kuliko sisi. Walikuwa na orodha za wanachama, risiti, na mtu wa kufungua ukumbi kwa wakati. Wabongo wa London wamepata wa kuwakimbia wa kutosha. Wanachokosa ni katibu anayefika mapema na mweka hazina anayeaminika.